Nani Apokee Sale ya Mwalimu Mkuu

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Hadithi hii ina hasira ndani yake, na kila nikiisimulia hasira yenyewe inanipanda upya. Mkiona nafoka, msidhani nawafokea nyie.

Walikuwepo watu watatu pale Moshi, wakiishi ua mmoja, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza ni Niendiwe, fundi cherehani, Mpare wa Usangi. Huyu alijaliwa kuganda. Muuza vitambaa mmoja aliwahi kumpunja kipande cha upana wa kiganja. Niendiwe akawa anamfuata hadi kanisani, anakaa naye benchi moja, anaimba naye kitabu kimoja cha nyimbo, Jumapili baada ya Jumapili, hadi yule bwana akakata kitambaa kingine akamletea nyumbani mwenyewe. Mnajua Wapare wanavyosemwa kwa kupenda kesi. Basi waliosema hivyo walikuwa wameshakutana na Niendiwe.

Wa pili ni jirani yake, Ndeonasia, Mchaga wa Marangu, muuza ndizi. Huyu alijaliwa ulimi. Wachaga na Wapare ni watani, hilo hata mtoto anajua, na Ndeonasia alikuwa mtani wa kweli, si wa kubahatisha. Alikuwa akipita mlangoni kwa Niendiwe kila asubuhi: "Nyie Wapare, mmeshaamka? Makande ya juzi yameisha, au bado mnayafungulia kesi?" Kisha anabeba sufuria iliyo karibu na kuondoka nayo, na Niendiwe haipati sufuria yake mpaka amkomboe kwa kikombe cha chai.

Wa tatu ni Namkunda, binti wa Niendiwe, miaka tisa. Huyu alijaliwa kuigiza. Mchungaji, konda, mwenye nyumba, bibi yake wa Usangi anayeongea kama ana ugoro mdomoni, wote walikuwa kooni mwake. Ukifumba macho unasimama kumpa mtu kiti, ukifumbua unakuta ni kale katoto.

Haya, hao ndio watu wetu. Sasa twende shuleni.

Juu ya mji kulikuwa na shule inaitwa Miti Mirefu. Ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu na wachache wa Kihindi. Weusi walikuwepo, sisemi hawakuwepo, ila walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na katika darasa alilopangiwa Namkunda mweusi alikuwa yeye peke yake. Alifanya mtihani wao akawashinda wengi, wakampa nafasi. Baba yake, aliyekuwa migodini Mererani, alisema kwenye simu, "Mama Namkunda, mtoto atakuwa mpweke kule." Niendiwe akajibu, "Upweke unaisha. Ujinga hauishi." Akamshonea sare mwenyewe, akampandisha mlimani, akamwacha getini. Alipogeuka kumpungia mkono akaona jinsi kichwa cha mwanawe kilivyoonekana kutoka mbali katikati ya vile vichwa vingine, moyo ukampiga paa. Lakini alitembea. Nyie mliowahi kumwacha mtoto getini mnajua ninachosema.

Darasani mle alikuwamo mvulana anaitwa Gustav, mtoto wa Bwana Lindqvist mwenye shamba la kahawa. Huyu alizaliwa hapahapa, na Kiswahili chake ni cha moto kuliko changu. Akamwita Namkunda "Masizi." "Masizi, usiguse kitabu changu, utakipaka." Asubuhi Masizi, mchana Masizi, na wenzake wanacheka.

Namkunda akaja kumwambia mama yake. Na hapa ndipo lilipotokea kosa, kosa ambalo lingeweza kufanyika nyumba ile tu. Niendiwe alicheka! Alicheka kwa furaha kabisa. Mwanamke aliyeamka kila siku akiitwa mla makande, akachukuliwa sufuria, akapenda, angefikiria nini kingine?

"Mwanangu, huyo kakuchagua," alisema. "Huo ni utani. Wazungu nao wameanza kuzoea. Na mtani huruhusiwi kumnunia."

"Nimjibu nini sasa?"

"Kwani mimi namfanyaje Ndeonasia? Chukua kitu chake. Mwambie akikomboe."

Mtoto alilala na raha. Kesho yake wakati wa mapumziko akamvua Gustav kofia yake yenye nembo ya shule, akaivaa yeye, akaruka nayo huku anacheka, "Haya, Mzungu wangu, kofia nimeishika! Ikomboe kwa biskuti!" Alidhani watacheka wote. Alidhani kuanzia siku ile atakuwa na mtani.

Gustav akapiga ukelele wa "Mwizi!"

Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Pemberton, mgeni wa mwaka uleule. Hakuuliza kitu. Alikusanya shule nzima mstarini, akampandisha Namkunda jukwaani na ile kofia mkononi, akasema, "Huyu ni mwizi. Mtazameni." Kisha akaamuru watoto wapite mbele yake, darasa moja baada ya jingine, na yeye asimame hapo mpaka wa mwisho apite. Wadogo wa chekechea nao walipitishwa. Wengine walikuwa wamemshika mwalimu wao mkono kwa woga, wanamwogopa Namkunda! Oo, mnaniudhi mkinyamaza hivyo. Hata kuguna hamguni?

Niendiwe alipanda mlimani mchana uleule na uzi bado umemning'inia begani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo Namkunda ndiye aliyekuwa mkalimani. Hebu fikirini: mtoto anatafsiri kesi yake mwenyewe.

"Mwambie ni utani," alisema Niendiwe. "Mwambie nilikutuma mimi. Kama kuna kosa, ni langu."

Mtoto akasema. Bwana Pemberton akatabasamu, akajibu, na mtoto akageuza maneno kwa sauti ndogo: "Anasema wizi ni wizi, hata mkiupa jina la kienyeji. Anasema nikae nyumbani mpaka waamue."

Kisha Bwana Pemberton akamgeukia makamu wake akasema jambo jingine, fupi, wakacheka wawili. "Kasema nini?" Niendiwe akauliza. Namkunda akatazama sakafu. "Hajasema kitu, mama."

Njiani kuteremka Niendiwe hakulia. Alikuwa anajiambia: mimi ndiye niliyemtuma. Mimi na mdomo wangu. Na kadiri alivyojilaumu ndivyo alivyozidi kumchukia yule mtu, mpaka chuki ikawa tamu mdomoni. Baba alipiga simu: "Mhamishe, shule ziko nyingi." Niendiwe akasema, "Mwanangu kaitwa mwizi palepale. Atasafishwa palepale, mbele ya walewale. Na yule bwana nitamwona anavyokuwa mdogo. Baada ya hapo ndiyo tuongee habari ya kuhama."

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja, na mpime vizuri.

Niendiwe aliganda. Kila asubuhi alimvisha Namkunda sare, akampandisha hadi getini, wakasimama. Magari ya wazazi yakipita, madirisha yanapandishwa. Mvua ikinyesha, wanasimama. Mlinzi, Mpare mwenzake, aliwaonea haya hata akawa anaangalia pembeni anapowaambia hapana ruhusa. Saa za masomo zikianza, Niendiwe anateremka, anakwenda kukaa ofisini kwa afisa elimu. Hapigi kelele. Anamsalimia, anakaa. Afisa akienda kula, akirudi anamkuta amekaa. Akibadilisha ofisi, anamkuta kwenye ofisi mpya. Cherehani ililala, wateja wakahamia kwingine, na yeye alikuwa akikaa tu. Mwisho yule afisa alimpigia simu mwenyekiti wa bodi ya shule, akamwambia, "Jamani, msikilizeni huyu mama mbele ya wazazi, la sivyo mimi nitaacha kazi." Wakampangia Siku ya Wazazi. Yaani geti lile, bila Niendiwe, lisingefunguka hata leo.

Siku hiyo uwanja ulijaa mahema na keki na wageni wenye miwani ya jua. Namkunda akaingia na mama yake, na nyuma yao Ndeonasia na wanawake wa sokoni, wamejifunga vitenge viunoni. Bwana Pemberton akasimama akasema maneno mawili, afisa elimu akawa anayafasiri. La kwanza: kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa ni wizi popote duniani, na habari ya utani ni kisingizio kilichotungwa baadaye. La pili: hata hivyo hakuna aliyemwita mtoto mwizi, wala kumbagua, alielekezwa adabu tu, kwa upendo.

Wageni wakapiga makofi. Niendiwe akasimama na maneno yakamkwama. Kuganda alijua, kusema mbele za watu hakujua. Hapo kesi ilikuwa inakufa.

Ndeonasia alisema. Tena hakuanza kwa kusema, alianza kwa kunyang'anya. Alimfuata afisa elimu akamvua koti. Akachukua mkoba wa mke wa Bwana Pemberton. Wenzake wakatawanyika mahemani: huyu kabeba kiti, yule keki nzima, mwingine kamvua askari polisi kofia. Vyote vikawekwa majanini kwenye kitenge kimoja, na Ndeonasia akavikalia.

"Wazungu, Wahindi, Wapare na takataka nyingine zote!" akapaza sauti. "Mali zenu nimezishika. Komboeni!"

Wazungu wageni wakaruka juu, "Polisi! Polisi!" Polisi mwenyewe alikuwa anacheka machozi yanamtoka. "Mchaga mwizi wewe, nirudishie kofia, nitakupa soda." Afisa elimu anacheka. Wapishi wametoka jikoni, wanacheka wameshikana mabega. Na Bwana Lindqvist, baba wa Gustav, ambaye kofia yake pana ilikuwa juu kabisa ya lundo, akacheka naye akasema kwa Kiswahili safi, "Haya mama, nitakukomboa kwa mkungu wa ndizi."

"Ndizi ninazo!" Ndeonasia akamjibu. "Komboa kwa kitu ambacho huna."

"Kitu gani?"

"Samahani ya mwanao."

Kicheko kikakatika. Bwana Lindqvist akawa mwekundu shingo nzima. Akamgeukia Bwana Pemberton akasema, tena kwa sauti, kwamba huo kweli ni utani, kwamba yeye amekomboa kofia yake kwenye misiba ya huku tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mnaona? Alijua! Tangu siku ya kwanza alijua, akanyamaza, kwa sababu aliyesimamishwa jukwaani hakuwa wake. Niendiwe alimtazama akatamani ile kofia ingekaa chini ya Ndeonasia mpaka ioze. Lakini neno la kwanza la mwalimu mkuu lilikuwa limevunjika, na asingekuwa Ndeonasia, nani angelivunja?

Likabaki la pili. Bwana Pemberton akasema vizuri, pengine mila hakuijua, lakini anarudia, hakuna aliyemwita mtoto mwizi.

Namkunda aliigiza. Hakuambiwa na mtu. Alipanda lile jukwaa, akashusha mabega, akapitisha kidole kwenye kola, akakohoa kile kikohozi kidogo cha Bwana Pemberton, kisha sauti ya Bwana Pemberton ikatoka kwenye kifua cha mtoto wa Kipare: "Huyu ni mwizi. Mtazameni." Watoto wote wakashtuka, maana waliijua. Akaendelea, neno kwa neno, hadi amri ya kupita mbele yake. Wale wadogo wa chekechea, kusikia sauti ile, wakaanza kujipanga mstari! Hakuna aliyewafundisha.

Kisha akasema lile jambo fupi, lile ambalo hakumtafsiria mama yake. Alilisema kwanza kwa Kiingereza, na kicheko chake, halafu akamgeukia Niendiwe akaligeuza: "Mama, alisema, niliwaambia bodi, ukimwingiza mmoja wa hawa, ufunge makabati."

Yule makamu wa mwalimu mkuu akainamisha kichwa, na kila mtu akaona anavyoinamisha. Hapakuhitajika shahidi mwingine. Na shahidi huyo mmoja, bila sauti ya Namkunda, asingepatikana.

Mwenyekiti wa bodi, Bi Zarina, mama wa Kihindi asiyependa maneno mengi, alimwambia Bwana Pemberton mbele ya wote: "Jina la mtoto huyu ni safi, na nafasi yake ipo. Wewe sasa nenda kwao, uombe msamaha kwa namna yao. Wakikupokea, utabaki. Wasipokupokea, usirudi shuleni, funga mizigo."

Namna yao ni ipi? Bwana Pemberton hakujua. Alikwenda kumuuliza mpishi wa shule, Mchaga, na mpishi akamkatia jani la sale uani kwake. Sale, kama hamjui, ni jani refu la kijani, la kawaida kabisa kulitazama, lakini huku mlimani mtu akikujia nalo amelishika, awe ameua ndugu yako, awe ameiba ng'ombe wako, vyovyote, ukilipokea umemsamehe. Kesi imekwisha, na si halali mtu kuifufua tena. Mkono mmoja ukipokea, nyumba nzima imefungwa na msamaha huo.

Ikawa asubuhi, jua limeshachomoza, Niendiwe yupo kwenye cherehani uani, Namkunda anachambua maharage, Ndeonasia amekuja kuiba sufuria. Bwana Pemberton akaingia kwa miguu, tai shingoni, sale mkononi. Alikuwa amekaririshwa neno moja la Kiswahili. "Samahani," akasema, akanyoosha mkono.

Lakini alinyoosha kuelekea katikati, maana hakuambiwa ampe nani.

Niendiwe aliyaangalia yale macho mekundu ya kukosa usingizi, akasikia raha hadi kwenye nyayo. Ndiyo, raha, sitawaficha. Mikono yake akaiweka nyuma. "Asilipokee mtu," akasema. "Mimi ndiye niliyesimama getini, mimi ndiye niliyepoteza wateja. Na mimi ndiye niliyemtuma mtoto na kumponza, kwa hiyo uchungu wangu ni mara mbili. Arudi na jani lake, afungashe, apande ndege aende akawasimulie kwao kwamba alifukuzwa na fundi cherehani."

"Weee Mpare, acha wivu wa kesi!" Ndeonasia akadakia. "Sale ni ya kwetu, uzito wake naujua mimi. Kama si mimi ungekuwa bado umesimama pale uwanjani umefungua mdomo. Niache niipokee. Abaki! Akiondoka atasahau kesho. Akibaki nitamtania kila siku ya Mungu, nitamnyang'anya kofia, viatu, na hiyo tai, mbele ya wanafunzi wake, na hataruhusiwa kuninunia mpaka azeeke. Adhabu gani inashinda hiyo?"

"Kwa hiyo umsamehe kwa niaba yangu?" Niendiwe akauliza.

"Na wewe umkatalie kwa niaba ya nani?"

Wakageuka wote wawili kumtazama Namkunda. Yeye alikuwa ameshaacha maharage. Alisimama mbele ya Bwana Pemberton, karibu sana, akalitazama jani, akamtazama usoni.

"Aliyeitwa mwizi ni mimi," akasema. "Hakuna aliyeitwa mwizi hapa zaidi yangu. Bila mimi nyie nyote mngekuwa na sauti tu, na hamna la kusema."

"Basi sema, mwanangu. Apokelewe au asipokelewe?"

"Sijui bado," akasema Namkunda. "Asimame kwanza. Waiteni watoto wa mtaa wapite."

Mama yake akashtuka. Amri ilikuwa ileile ya Bwana Pemberton, ila sauti ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe, hakuwa anaigiza mtu. Kwa mara ya kwanza tangu lile jambo lianze, Niendiwe akaogopa, na wakati huohuo akatamani kwenda kuwaita hao watoto yeye mwenyewe.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo walipo. Msiniangalie mimi usoni, jibu halipo huku. Geti lilifunguliwa na aliyeganda. Mila ilitetewa na mwenye ulimi. Ukweli ulitoka kwenye koo la mtoto, na aibu ilikuwa yake. Ungemwondoa mmoja, wawili waliobaki wasingeshinda kitu. Sale ni moja, na mkono utakaoipokea, au kuikataa, umewaamulia wote watatu na yule bwana pia.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu: ni mkono wa nani? Na ungekuwa wako, ungeunyoosha? Amueni, ila msichelewe. Watoto wa mtaa wameanza kuchungulia uani, na Bwana Pemberton bado amenyoosha mkono.